Dozi Haiishii Tumboni

Karatasi ya majibu ya mdogo wangu ilikuwa na majina ya dawa kumi na moja upande wa kushoto, na mbele ya kila jina herufi moja. Mbele ya majina tisa kulikuwa na R. Mtaalamu wa maabara alizipitia kwa ncha ya kalamu kutoka juu hadi chini: amoksilini, R, septrini, R, saipro, R, seftriaksoni, R. Mkojo ulikuwa umeoteshwa kwa siku tatu, na kilichoota ni E. coli, bakteria wa kawaida wa utumbo wa binadamu, ambaye safari hii alikuwa amepanda hadi kwenye kibofu. R ni alama ya dawa iliyoshindwa. Kile ambacho mtaani tunakiita UTI sugu kilikuwa pale, kimeandikwa kwa wino wa bluu.

“Dada, wewe unakunywa dawa holela,” alimwambia. “Hammalizi dozi, halafu mnakuja kulia huku.”

Mdogo wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Akiandikiwa dawa huweka kengele kwenye simu, na hata akiwa darasani hutoka nje kumeza kidonge saa ikifika. Hakumjibu yule kijana wa maabara. Aliikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mkoba, na njia nzima kwenye daladala hakusema neno. Alikuwa amebebeshwa kosa ambalo hakulifanya. Naandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya maelfu wanaobebeshwa kosa hilohilo kila siku mbele ya madirisha ya maabara.

Maoni ninayoyapinga yanajulikana, na nayaeleza kama wenyewe wanavyoyaeleza. Wanasema usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ambao wataalamu wetu wanaufupisha UVIDA, unatokana na matumizi mabaya. Mtu ananunua antibiotiki bila cheti cha daktari. Anakunywa siku mbili, akipata nafuu anaacha. Anagawana vidonge na jirani. Vimelea dhaifu vinakufa, vyenye nguvu vinabaki, na kesho dawa haifanyi kazi. Dawa ya tatizo, kwa hiyo, ni kumfundisha mtu: pima kwanza, pata cheti, maliza dozi. Ndiyo maana ukuta wa zahanati umejaa mabango, na kaulimbiu ya Holela-Holela Itakukosti imesikika redioni hadi watoto wanaijua.

Maneno hayo yana ukweli, na nisieleweke vibaya: mgonjwa wa kifua kikuu akiacha dawa katikati anajiua na anawaua wenzake. Anayeandikiwa dawa na daktari azinywe kama alivyoagizwa. Ninachokikataa ni kulifanya tatizo zima liwe ndani ya mkono ulioshika kidonge, kana kwamba dawa ikishamezwa imetoweka duniani. Haijatoweka. Imeanza safari, na katika safari hiyo ndipo madhara mengi yanapotengenezwa, mahali ambapo hakuna bango wala mtaalamu wa kumgombeza mtu.

1. “Kosa ni la asiyemaliza dozi”

Mwili wa binadamu hauichomi antibiotiki kama jiko linavyochoma mkaa. Huitumia na kuiachia. Amoksilini unayoimeza, asilimia 60 au zaidi hutoka kwenye mkojo ikiwa bado ni amoksilini. Saipro, karibu nusu yake hutoka kwa mkojo ikiwa nzima, na kiasi kingine kwa haja kubwa. Kile kilichomuua bakteria kwenye kibofu chako kinashuka kwenye tundu la choo kikiwa na uwezo uleule wa kuua.

Mwaka 2025 watafiti walipiga hesabu ya antibiotiki 40 zinazotumiwa zaidi na binadamu duniani. Kwa mwaka, watu wanakunywa takriban tani 29,200. Kati ya hizo, tani 8,500 zinaishia mitoni. Hesabu hiyo haikuwaweka kuku, nguruwe, ng’ombe wala viwanda vya dawa. Ni binadamu peke yao, wakiwemo wale wanaotii kila neno la daktari.

Sasa wawekeni wagonjwa wawili pamoja. Mmoja ameandikiwa vidonge kumi na vinne vya saipro, akanywa vinne na kuacha. Mwingine amevimaliza vyote kumi na vinne. Kwa mujibu wa bango, wa kwanza ni mkosaji na wa pili ni mfano wa kuigwa. Lakini ukisimama kwenye chemba ya majitaka nyuma ya nyumba zao, aliyemaliza dozi amepeleka mtoni dawa mara tatu na nusu ya ile ya mwenzake. Hakutenda kosa lolote. Alitibiwa, na alistahili kutibiwa. Kosa liko mbele yake, mahali ambapo mtu mwingine alitakiwa kuyapokea maji yale na kuyasafisha. Huyo mtu mwingine hajawahi kuchorwa kwenye bango lolote nililoliona.

Wapo watakaosema kwamba hili ni jambo la pembeni, kwamba kiini kinabaki kuwa wingi wa dawa tunazokunywa. Mwaka 2018 Peter Collignon wa Australia na wenzake walichapisha uchambuzi katika jarida la Lancet Planetary Health. Walilinganisha viwango vya usugu vya nchi nyingi na mambo mengi ya nchi hizo: kiasi cha dawa zinazotumiwa, mapato, elimu, miundombinu, utawala. Matumizi ya dawa, yakipimwa pamoja na hayo mengine, hayakuonyesha uhusiano wa maana na usugu. Miundombinu bora na utawala bora ndivyo vilivyoendana na usugu mdogo. Mwaka uliofuata, wanasayansi waliopima majitaka ya miji katika nchi 60 walikuta jeni za usugu zikifuata hali ya usafi wa mazingira na afya ya nchi husika. Mataifa yanayokunywa antibiotiki nyingi lakini yana mabomba mazuri yanaweza kuwa na usugu mdogo kuliko mataifa yanayokunywa kidogo na kuzimwaga kwenye mfereji wa wazi.

Mambo hayo yalipaswa kubadilisha mabango yetu. Hayakuyabadilisha, na sababu naiona: bango la kumwambia mama mjane “maliza dozi” ni rahisi kuliko bango la kuiambia halmashauri “jenga bomba”.

2. “Mto una maji mengi, dawa itapotea humo”

Hili nimelisikia kwa watu wenye shahada. Wanasema kiasi kinachopatikana mtoni kinapimwa kwa nanogramu, sehemu ya bilioni ya gramu, na kwamba kiasi hicho hakiwezi kumuua bakteria hata mmoja. Sentensi hiyo ni kweli, na ndipo hatari ilipo.

Dawa inayomuua bakteria inamaliza kesi. Dawa isiyotosha kumuua humchelewesha kidogo tu. Ndani ya tone la majitaka kuna bakteria wa kawaida na bakteria sugu, wote wanagombea chakula kilekile. Wa kawaida akichelewa kidogo kugawanyika, sugu anampita. Kizazi kimoja, tofauti haionekani. Lakini E. coli akishiba na kupata joto anaweza kugawanyika ndani ya dakika 20 au 30, na baada ya vizazi vya siku chache tone lile limebadilika wenyeji. Mwaka 2011 watafiti wa Uppsala, Sweden, waliwashindanisha bakteria hao maabara na kukuta kwamba sugu hushinda hata pale dawa inapokuwa chini mara mamia ya kiwango kinachoua. Kwa miaka mingi tuliamini kwamba chini ya kiwango cha kuua pana usalama. Hapana.

Kwa kutumia maarifa hayo, Johan Bengtsson-Palme na Joakim Larsson walipendekeza mwaka 2016 mipaka ya kila antibiotiki majini, ili isizalishe usugu. Kwa saipro walipendekeza nanogramu 64 katika lita. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. Kidonge kimoja cha miligramu 500, tuseme nusu yake, miligramu 250, imeshuka chooni. Ili uizimue nusu hiyo ifike nanogramu 64 kwa lita unahitaji maji safi lita milioni 3.9. Boza la maji linalokuja mtaani kwetu linabeba lita 10,000. Kidonge kimoja kinataka maboza 390. Dozi ya vidonge kumi na vinne inataka maboza zaidi ya 5,400, yote ya maji ambayo hayana dawa ya mtu mwingine. Ziko dawa zinazovunjika upesi zaidi majini, amoksilini ikiwa mojawapo, na jua na tope vinaipunguza hata saipro. Lakini hesabu hii ni ya mgonjwa mmoja, na sensa ya 2022 ilihesabu Dar es Salaam watu zaidi ya milioni 5.3.

Na huo “mto wenye maji mengi” ni upi? Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti penye machinjio na mabwawa ya majitaka, unapita Kigogo, unatawanyika Jangwani, na kuingia baharini kwenye daraja la Salenda. Mwezi wa tisa, kabla ya vuli, pale Kigogo mtoto wa miaka sita anauvuka kwa miguu bila kuloanisha kaptula. Kinachotiririka wakati huo kwa sehemu kubwa ndicho kilichotoka majumbani, gereji na machinjioni. Hakuna maji mengi ya kuzimua kitu. Huko Nairobi, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta katika mto wa jiji hilo sulfametoksazoli na trimethoprimu, viungo viwili vya septrini, pamoja na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Septrini hupewa watu wanaoishi na VVU kuwakinga na magonjwa nyemelezi, na imeokoa maisha mengi. Hao ndio wagonjwa watiifu kuliko wote katika nchi zetu, wanaokunywa dawa kila siku ya Mungu, na dawa yao imo mtoni.

3. “Hayo ni mambo ya India”

Kila anayelijua suala hili atataja Patancheru, karibu na Hyderabad, na ana haki ya kupataja. Mwaka 2007 Larsson na wenzake walichapisha vipimo vya maji yanayotoka kwenye mtambo wa kusafishia majitaka ya viwanda vya dawa takriban 90. Maji hayo, yakiwa yamekwisha kupita mtamboni, yalikuwa na saipro hadi miligramu 31 kwa lita, juu ya kiwango kinachofikiwa kwenye damu ya mgonjwa anayetibiwa. Kwa siku moja zilitoka kilo 45 hivi za saipro, kiasi ambacho Sweden nzima ilikitumia kwa siku tano. Upande wa chini wa mtambo huo kuna vijito, mashamba na visima vya wanakijiji.

Ninachokipinga ni kulitamka jambo hilo kwa sauti ya mtu aliye mbali nalo. Sehemu kubwa ya vidonge kwenye rafu za maduka yetu ya dawa muhimu hutoka India. Tunafurahia bei yake, na bei ile imekuwa ndogo kwa sababu, miongoni mwa mengine, gharama ya kusafisha maji ya kiwandani haijaingizwa ndani yake. Imelipwa na mwanakijiji wa Telangana aliyepoteza kisima. Sisi ni wanunuzi. Na kitu kilichozaliwa kwenye kijito kile hakihitaji viza: kinasafiri ndani ya utumbo wa mfanyabiashara, wa mwanafunzi, wa mgonjwa anayerudi kutoka kutibiwa huko.

Isitoshe, saipro haiwi halali kwa sababu imetoka chooni Tandale na si kiwandani Patancheru. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti uliopima dawa 61 katika mito 258 ya nchi 104. Robo ya vituo vilivyopimwa vilikuwa na angalau dawa moja juu ya kiwango kinachodhaniwa kuwa salama kwa viumbe wa majini au kwa suala la usugu, na miongoni mwa mito iliyochafuka zaidi ilikuwamo ya Addis Ababa. Umaskini wa mabomba unaweza kuufikisha mto mahali palepale ambapo uroho wa kiwanda umeufikisha.

4. “Tunayo mabwawa ya kusafishia”

Tunayo, na walioyachimba walijua kazi yao. Bwawa la majitaka hutumia jua, muda na mwani kupunguza uozo na kuua vimelea vingi vya kuhara. Halikubuniwa kuondoa dawa. Saipro hujishika kwenye tope la chini, na tope hilo likikombwa likapelekwa shambani, saipro inakwenda nalo. Sulfametoksazoli husafiri na maji. Kati ya kuingia na kutoka, bakteria wa hospitali, wa machinjio na wa nyumba elfu kumi wanakaa pamoja siku nyingi kwenye maji ya vuguvugu yenye dawa kidogo, wakipeana plasmidi, vile vipande vya DNA vinavyoruka kutoka bakteria wa aina moja hadi wa aina nyingine. Bwawa linalosafisha kinyesi laweza wakati huohuo kuwa mahali pa kubadilishana usugu. Uswisi ililiona hilo la dawa majini, na tangu 2016 inadai mitambo yake ya majitaka iliyochaguliwa iongeze hatua ya ozoni au kaboni.

Lakini nikizungumzia bwawa nazungumzia walio na bahati. Nyumba nyingi za Dar es Salaam hazijaunganishwa na bomba lolote la majitaka. Zina choo cha shimo au karo, na kama uko bondeni, shimo linajaa upesi kwa sababu maji ya ardhini yako karibu. Nimekulia huko, na usiku wa masika naujua. Mvua ikikolea saa nane, unasikia milango ikifunguliwa moja baada ya nyingine, kisha mchimbo wa koleo. Wanatapisha vyoo. Ubavuni mwa shimo kuna tundu lililozibwa kwa tambara na saruji hafifu. Unalizibua, mkondo wa mvua unalipokea, na asubuhi choo kiko tupu na uwanja mzima unanuka. Mwaka fulani nilimkuta jirani yetu, mzee ambaye mkewe alikuwa ametoka kulazwa kwa homa ya matumbo, ameshika tochi mdomoni.

“Shikamoo mzee. Usiku huu?”

“Marahaba, mwanangu. Gari la majitaka haliingii kwenye kichochoro hiki, na likiingia sina hela yake. Mvua ndiyo gari letu.”

Mkewe alikuwa ametibiwa kwa saipro siku kumi na kupona. Dawa yote iliyopita mwilini mwake, pamoja na wadudu waliosalimika nayo, ilikuwa ndani ya shimo lile, na mvua ile iliichukua hadi Jangwani. Kuna bango gani la kumwelimisha mzee yule? Alijua kila kitu. Alichokikosa ni kichochoro kinachopitisha gari na shilingi za kulilipia.

Kwa wafugaji, ambao dawa yao nayo haipiti kwenye bwawa lolote, nitasema kidogo tu, maana wanasemwa sana. Banda la kuku wa kisasa hupewa oksitetrasaiklini ya unga kwenye maji ya kunywa, mara nyingi kabla ugonjwa haujaonekana, kwa hofu ya kupoteza mtaji. Mbolea ya banda hilo huuzwa kwa viroba kwenye bustani za mboga. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kunenepesha mifugo tangu 2006. Sisi tunamfundisha mfugaji kuheshimu siku za kusubiri kabla ya kuuza mayai, na ni vizuri. Ila siku za kusubiri zinamlinda mla yai. Haziigusi mbolea.

5. “Nani ameugua kwa maji ya mto? Mlete hapa”

Hii ndiyo hoja yao yenye nguvu, na siipuuzi. Siwezi kumleta mtu nikasema E. coli wake alizaliwa Kigogo, chini ya daraja, Jumanne ya pili ya mwezi wa nne. Jeni haibebi anwani. Lakini ni lini tulidai ushahidi wa namna hiyo kwa kipindupindu? Hatumwambii mgonjwa athibitishe ni kikombe kipi. Tukikuta kimelea kwenye kisima, tunafunga kisima.

Na kimelea kimekutwa. Mwaka 2011 Timothy Walsh na wenzake walichapisha matokeo kutoka New Delhi: jeni ya NDM-1, inayovunja nguvu ya dawa za akiba za hospitalini, ilikutwa kwenye sampuli 51 kati ya 171 za maji yaliyotuama mitaani, na kwenye mbili kati ya 50 za maji ya bomba. Mitaani, kwenye madimbwi ambayo watoto wanayaruka, nje kabisa ya wodi. Hapa kwetu, mwaka 2021 watafiti wa Kitanzania walichapisha kazi waliyoifanya kwenye bonde la Msimbazi, ambako walichukua sampuli za mazingira na kukuta bakteria wa jamii ya E. coli wenye usugu kwa dawa za kundi la seftriaksoni, kwa dawa za kundi la saipro, na hata kwa karbapenemu, dawa ambazo daktari huzifikia akiwa ameishiwa.

Kando ya mto huohuo kuna matuta ya mchicha na matembele. Saa kumi na moja alfajiri mkulima anateka kwa keni mbili, anamwagilia, kisha anavuna, na mafungu anayachovya mtoni ili yang’ae yanapofika sokoni. Nimenunua mafungu hayo. Mama yangu ameyanunua miaka thelathini. Mchicha tunaupika ukaiva, na moto unaua bakteria. Lakini mkono ulioukatakata mchicha ule ndio uliokata nyanya na kitunguu cha kachumbari, na ndio uliomlisha mtoto kipande cha embe. E. coli anayeingia namna hiyo anaweza kukaa tumboni miezi bila kumsumbua mtu, hadi siku anapopanda kwenye kibofu cha mwalimu wa shule ya msingi. Kisha kijana wa maabara anamuuliza kwa nini hamalizi dozi.

Mwaka 2019 usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani, na kanda yetu ya Afrika kusini mwa Sahara, ukilinganisha na idadi ya watu wake, ilibeba mzigo mzito kuliko nyingine zote. Tunaosema tusubiri ushahidi wa mtu mmoja mmoja tunasubiri tukiwa tumesimama kwenye kanda hiyo.

6. “Hatuna fedha”

Tunalipa tayari. Tunalipa dirishani, kichupa kwa kichupa, na anayelipa ni mgonjwa. Gharama haijaepukwa, imehamishwa kutoka kwenye bajeti inayojadiliwa hadharani hadi kwenye mkoba wa mtu mmoja aliye kitandani.

Na si kila hatua inataka mabilioni. Hospitali ndiyo mahali ambapo dawa kali na vimelea sugu vinatoka pamoja kwenye bomba moja. Kusafisha maji ya hospitali kabla hayajatoka getini ni rahisi kuliko kuyafuata yakishachanganyika na ya jiji. Nimeona wodini kichupa cha gramu moja cha seftriaksoni kikifunguliwa kwa mtoto aliyehitaji nusu, na nusu iliyobaki ikamwagwa kwenye sinki bila mtu kufikiri mara mbili. Ndoo yenye mfuniko na utaratibu wa kuteketeza dawa zilizobaki haihitaji mkopo wa nje. Ruzuku ya kuvuta vyoo vya mabondeni ingempunguzia kila mzee sababu ya kuingoja mvua. Chanjo ya homa ya matumbo inapunguza saipro chooni kuliko bango lolote, kwa sababu asiyeugua hanywi dawa.

Halafu kuna mwenye kiwanda. Umoja wa Ulaya, katika sheria yake mpya ya majitaka ya mwaka 2024, umewataka watengenezaji wa dawa na vipodozi walipe angalau asilimia 80 ya gharama za hatua ya ziada ya kuondoa mabaki ya bidhaa zao majini. Norway imeweka vigezo vya mazingira kwenye zabuni za antibiotiki za hospitali. Shirika la Afya Duniani lilitoa Septemba 2024 mwongozo wake wa kwanza kuhusu majitaka ya viwanda vya antibiotiki. Serikali zetu ni wanunuzi wakubwa wa dawa. Mnunuzi mkubwa anayo haki ya kuuliza, kabla ya kusaini, maji ya kiwanda chako yanaelekea wapi, na kukataa asipojibiwa. Mipango ya kitaifa ya Tanzania na Kenya dhidi ya usugu inayataja mazingira. Basi mazingira yatoke kwenye kurasa za mpango yaingie kwenye mkataba wa zabuni, kwenye kibali cha hospitali, na kwenye bango lenyewe.

Mdogo wangu alitibiwa kwa mojawapo ya zile dawa mbili ambazo hazikuwa na R. Meropenemu, kwa mshipa, kila baada ya saa nane, siku saba, katika hospitali ambayo sitaitaja. Vichupa 21. Bei ya kimoja ilizidi mshahara wake wa siku mbili, na tulichanga familia nzima. Alipona, na hakukosa sindano hata moja. Takriban asilimia 70 ya meropenemu hutoka kwenye mkojo bila kubadilika.

Siku ya kumtoa nilizunguka nyuma ya wodi kutafuta mahali pa kupigia simu. Bomba la vyoo vya wodi ile lilikuwa limepasuka kwenye kiungo chake, na maji yalikuwa yakichuruzika ukutani hadi kwenye mfereji wa saruji. Niliufuata mfereji kwa hatua kama hamsini. Ulipita chini ya ukuta wa hospitali, ukatokea upande wa pili kwenye tuta la matembele, na pale palikuwa na mwanamke ameinama na keni, akiteka.